Barua ya wazi kwa wakuu wa televisheni na wadhibiti wa utangazaji: huo umma mnaousemea ni upi?

Kwa wakurugenzi wa vituo vya televisheni, wahariri wa vipindi, na wajumbe wa mamlaka na bodi zinazosimamia utangazaji.

Waheshimiwa,

Kila mara kipindi kinapoondolewa hewani, tukio linapokatwa, au tamthilia inaposogezwa hadi usiku wa manane kwa sababu ndani yake yumo mhusika shoga au wanawake wawili wapendanao, maelezo mnayoyatoa huwa ni yale yale, kwamba umma haukubali. Wakati mwingine mnasema jamii haiko tayari, wakati mwingine mnasema watazamaji wamelalamika, na wale kati yenu wenye nguvu ya sheria mikononi mnasema mnalinda maadili ya taifa. Sikusudii katika barua hii kuwashawishi mbadili imani zenu kuhusu mapenzi ya jinsia moja, wala siwaombi mjifanye kwamba hakuna watu wanaokerwa. Ninachouliza ni jambo finyu zaidi: mnajuaje? Umma huo mmeupima kwa kipimo gani, mliupima lini, na ni sehemu ipi ya hisia zake ambayo ninyi wenyewe hamkuipanda?

Nianze na malalamiko, kwa kuwa ndicho kipimo mnachokitegemea zaidi. Mtu aliyekerwa huandika, na aliyeridhika huzima runinga akalala. Kila anayeongoza chombo cha habari analijua hilo, na katika mambo mengine mnalizingatia vizuri, lakini tunapofika kwenye suala hili ujuzi huo hutoweka ghafla na barua chache zikageuka kuwa sauti ya taifa. Kuna mfano mmoja ambao ningependa kila bodi ya udhibiti iusome kabla ya kikao chake cha kwanza. Mwaka 2004 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipendekeza faini ya takriban dola milioni 1.2 dhidi ya vituo vya Fox kwa kipindi kimoja cha burudani kilichodaiwa kukosa staha, na ikasema kwamba imepokea malalamiko 159. Nyaraka zilipoombwa kwa mujibu wa sheria ya haki ya kupata taarifa, ilibainika kwamba malalamiko yaliyokuwepo ni 90, kwamba yaliandikwa na watu 23, na kwamba yote isipokuwa mawili yalikuwa karibu nakala tupu za maandishi yale yale. Maana yake ni kwamba waliokaa chini wakatunga barua kwa maneno yao wenyewe walikuwa watatu tu: hao wawili, na yule aliyetunga maandishi yaliyonakiliwa. Kipindi hicho hakikuhusu mashoga, nami nakitaja kwa sababu kinaonyesha jinsi umma unavyoweza kutengenezwa ofisini. Kwa makadirio ya tume hiyo hiyo, asilimia 99.8 ya malalamiko ya aina hiyo yaliyopokelewa mwaka 2003 yalitoka kwa kundi moja la wanaharakati, Parents Television Council. Kundi hilo lilikuwa na haki yote ya kulalamika, kwani ndiyo kazi lililoanzishwa kuifanya. Kosa ni la mpokeaji anayesoma fomu zilizonakiliwa na kudhani amesikiliza taifa zima.

Upande wa Uingereza, mwaka 2019 katika shindano la dansi la BBC liitwalo Strictly Come Dancing, wacheza dansi wawili wa kiume, Johannes Radebe na Graziano Di Prima, walicheza pamoja wimbo mmoja kama onyesho la kunogesha. BBC ilipokea malalamiko karibu 200, na vichwa vya habari vikasema kwamba watazamaji wamechukizwa. Shindano hilo huangaliwa na mamilioni ya watu. Mwaka uliofuata mwanabondia Nicola Adams aliingia shindanoni akiwa na mwenzi wa kucheza wa kike, na mwaka 2021 Radebe huyo huyo, akicheza na John Whaite, alifika fainali ambako mshindi hupatikana kwa kura za watazamaji. Sasa, kati ya watu wasiofika 200 walioandika na wale waliopiga simu wiki baada ya wiki ili wawili hao wasitolewe, ni nani hasa aliyekuwa umma?

Hata hivyo sitaki kuwapotosha kwa kuegemea upande wa pili. Ziko nchi ambako upinzani ni wa wengi, na anayedai kwamba kila mahali ni kelele za wachache anasema uongo. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu katika nchi 34 mwaka 2019 kama mapenzi ya jinsia moja yanapaswa kukubaliwa na jamii. Nchini Sweden waliosema ndiyo walikuwa asilimia 94, Afrika Kusini asilimia 54, Kenya asilimia 14, na Nigeria asilimia 7. Mkurugenzi wa kituo anayesoma asilimia 7 na kuingiwa na hofu si mwoga wa bure. Anayo mishahara ya kulipa, anacho kibali cha kuhuisha, na katika baadhi ya nchi anayo pia jela ya kufikiria.

Lakini someni vizuri lile swali lililoulizwa. Watu hawakuulizwa kama mhusika shoga aonekane katika tamthilia, bali waliulizwa kama jamii ikubali. Hayo ni mambo mawili, na televisheni huyatenganisha kila siku inapotaka. Vituo vyenu hurusha usiku kucha hadithi za wazinzi, walaghai, wauaji, wake wenza wanaorogana na wajomba wanaodhulumu yatima, na hakuna bodi iliyowahi kudai kwamba ifanyike kwanza kura ya maoni kuona kama jamii inakubali uzinzi. (Simlinganishi shoga na muuaji, naonyesha tu kwamba ninyi mlikwisha kuamua zamani kuwa kumwonyesha mtu si kumpigia debe.) Tena wastani huficha mgawanyiko. Katika utafiti huo huo, nchini Korea Kusini asilimia 79 ya watu wa umri wa miaka 18 hadi 29 walisema ndiyo, huku waliofikisha miaka 50 na zaidi wakiwa asilimia 23. Kituo cha nchi hiyo kinachosema kwamba umma haukubali hakisemi uongo, ila kimechagua ni kizazi kipi kihesabiwe kuwa umma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kiini. Ninyi mnazungumza kana kwamba hisia za umma ziko huko nje, zimekamilika, na kazi yenu ni kuzipokea tu kama karani anavyopokea barua. Historia ya chombo chenu haionyeshi hivyo. Tarehe 7 Machi 1967 kituo cha CBS kilirusha taarifa maalumu kuhusu mashoga nchini Marekani, na mtangazaji Mike Wallace akawaambia watazamaji kwamba Wamarekani wawili kati ya watatu huwatazama mashoga kwa kinyaa, wasiwasi au hofu. Mmoja wa waliohojiwa alionyeshwa uso wake ukiwa umefichwa nyuma ya majani ya mmea wa chungu. Wakati huo ni jimbo moja tu, Illinois, lililokuwa limefuta sheria ya kuwaadhibu watu hao. Bila shaka takwimu hizo zilikuwa sahihi, lakini hofu hiyo watazamaji waliipata wapi? Tangu 1934 kanuni za Hollywood zilikuwa zimekataza hata kudokeza jambo hilo katika filamu, na televisheni ilipozaliwa ikarithi ukimya huo huo. Mtazamaji wa 1967 alikuwa amekua bila kumwona shoga kwenye skrini isipokuwa kama mgonjwa, mhalifu au kichekesho. Kisha televisheni ikaipima hofu ambayo imesaidia kuijenga, ikaitangaza kana kwamba imeota yenyewe. George Gerbner na Larry Gross, waliotumia miaka mingi kuchunguza athari za televisheni, waliandika mwaka 1976 kwamba kutoonekana katika ulimwengu wa hadithi ni namna ya kuangamizwa kwa ishara. Maneno ni makali, lakini kumbukumbu za vituo vyenyewe zinawaunga mkono.

Pale ambapo ukimya ulivunjwa, hisia zilibadilika polepole, kwa ukinzani, na mara nyingi kwa namna ambayo wakuu wa vituo hawakuitarajia. Mwaka 1989 tamthilia ya BBC iitwayo EastEnders ilionyesha wanaume wawili wakibusiana mdomoni, mwaka mmoja tu baada ya Bunge la Uingereza kupitisha kifungu cha 28 kilichozikataza serikali za mitaa kile kilichoitwa kukuza ushoga. Magazeti yaliilaani tamthilia hiyo. Mwigizaji aliyecheza mmoja wao, Michael Cashman, baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya kuanzia mwaka 1999, na leo ni mjumbe wa Baraza la Malodi, yaani bunge la juu la Uingereza, ilhali kifungu cha 28 kilifutwa kabisa mwaka 2003. Busu la wanawake wawili katika tamthilia ya Brookside, mwaka 1994, nalo lilizua zogo. Miaka 18 baadaye kipande cha busu hilo kiliwekwa katika sherehe za ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London, kikarushwa duniani kote kama sehemu ya yale ambayo Waingereza waliona yanawatambulisha. Nchini Marekani, mchekeshaji Ellen DeGeneres alipomfanya mhusika wake katika kichekesho cha Ellen atangaze kuwa ni msagaji tarehe 30 Aprili 1997, watu wapatao milioni 42 walitazama. Baadhi ya watangazaji wa biashara walijiondoa, kituo cha Birmingham katika jimbo la Alabama kikakataa kurusha sehemu hiyo, na mwaka uliofuata kipindi kikafutwa. Mwaka 2003 mwanamke huyo huyo alianza kipindi cha mazungumzo cha mchana kilichodumu hadi 2022, kikiangaliwa na akina mama wa nyumbani ambao ndio hasa waliokuwa wakitajwa kama watu ambao kamwe wasingeweza kumvumilia.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, unatoka Brazil, kwa sababu unaonyesha mabadiliko na marudio yake kwa pamoja, na kwa sababu Brazil ni nchi ya watu wa dini ambako tamthilia ya usiku huangaliwa na familia nzima sebuleni. Mwaka 2005 tamthilia ya kituo cha Globo iitwayo América ilifika sehemu yake ya mwisho huku watazamaji wakisubiri busu la vijana wawili wa kiume. Tukio lilikwisha kurekodiwa, lakini usiku wenyewe lilikatwa, na waliokuwa wakisubiri waliachwa na hasira. Ilichukua zaidi ya miaka minane. Tarehe 31 Januari 2014, katika sehemu ya mwisho ya Amor à Vida, Globo ilionyesha busu la Félix na Niko, na mapokezi yakawa ya shangwe. Ni vizuri kujiuliza kwa nini. Félix hakuletwa kwa watazamaji kama malaika wa kufundishia uvumilivu. Aliingia hadithini kama mwovu wa kutisha, mtu aliyemtupa jalalani mtoto mchanga wa dada yake. Kwa miezi kadhaa watazamaji walimchukia, wakacheka vijembe vyake, wakaona jinsi baba yake anavyomdharau kwa kuwa ni shoga, wakaanza kumhurumia bila kutaka, na mwishoni wengi wao walikuwa wakimtakia heri. Walimjua kwanza kama mtu, na suala likaja baadaye.

Mwaka mmoja tu baadaye, Machi 2015, Globo hiyo hiyo ilianza tamthilia ya Babilônia, na katika sehemu ya kwanza kabisa ikaonyesha busu la wanawake wawili wazee, waliochezwa na Fernanda Montenegro na Nathalia Timberg, waigizaji wakongwe wenye heshima kubwa ambao kila mmoja wao alikuwa na miaka 85. Safari hii hali ikawa kinyume. Wabunge wa kundi la kiinjili walitoa tamko la kulaani, wito wa kuisusia tamthilia ukatolewa, watazamaji wakapungua, na kituo kikapunguza matukio ya wapenzi hao na kuipangua hadithi. Wakuu wengi wa vituo huutaja mfano huu kama ushahidi kwamba umma haukubali. Mimi nausoma vingine. Sijashawishika kwamba busu peke yake ndilo lililoizamisha: wengi walilalamikia hadithi yenyewe kuwa nzito na kujaa uovu, na kituo pinzani cha Record kilikuwa kikirusha tamthilia ya kibiblia iliyovuta watu wengi. Lakini hata tukikubali kwamba busu lilichangia, tofauti kati ya miaka hiyo miwili haikuwa katika taifa, kwa kuwa taifa halibadiliki tabia ndani ya miezi 14. Tofauti ilikuwa katika usimulizi. Mtazamaji aliyeishi na Félix miezi kadhaa alifika kwenye busu akiwa na sababu ya kulitaka, na mtazamaji wa Babilônia alikutana nalo usiku wa kwanza, kabla hajawajua hao bibi ni akina nani.

Huenda mtaniambia kwamba nazidisha, na kwamba televisheni haina uwezo huo wote. Kwa sehemu ni kweli. Watu hupenda kunukuu kauli ya Joe Biden ya Mei 2012, alipokuwa makamu wa rais, kwamba kichekesho chenye mhusika mkuu aliye shoga kiitwacho Will & Grace huenda kilifanya zaidi ya karibu kitu kingine chochote kuwaelimisha Wamarekani. Zipo tafiti za kitaaluma, kama zile za Edward Schiappa na wenzake za miaka ya 2005 na 2006, zilizoonyesha kwamba watazamaji wa kipindi hicho walikuwa na chuki ndogo zaidi, hasa wale ambao katika maisha yao hawakumjua shoga yeyote. Lakini mtu makini atauliza ni wangapi waliokitazama kwa sababu tayari hawakuwa na chuki. Hata hisia zilizobadilika zinaweza kurudi nyuma. Kwa mujibu wa shirika la kura za maoni la Gallup, Wamarekani waliounga mkono ndoa za jinsia moja walikuwa asilimia 27 mwaka 1996 na asilimia 71 mwaka 2023, ila miongoni mwa wafuasi wa chama cha Republican kiwango kilishuka kutoka asilimia 55 mwaka 2021 hadi asilimia 41 mwaka 2025, na hilo limetokea katika kipindi ambacho wahusika wa aina hii wameonekana kwa wingi kwenye skrini. Kwa hiyo hakuna kitufe ambacho mkikibonyeza watu watapenda au watachukia.

Utafiti ambao naona unafafanua vizuri zaidi uwezo wenu hata haukuhusu mashoga wala televisheni. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichunguza mchezo wa redio nchini Rwanda uliotungwa ili kupunguza uhasama baada ya mauaji ya kimbari, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yalikuwa ya kushangaza: baada ya mwaka mmoja wa kuusikiliza, imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana, lakini yalibadilika mawazo yao kuhusu kile ambacho wenzao wanakiona kuwa sawa, na pamoja na hayo namna walivyotendeana. Tafakarini maana yake kwa kazi yenu. Vyombo vya utangazaji huenda visimbadilishe mtu moyo, ila humwambia majirani zake wanawaza nini. Mnapolikata tukio na kutangaza kwamba umma haukubali, hamripoti tu hali iliyopo, mnamwambia kila mtazamaji kwamba majirani zake wote wanapinga, hata yule jirani ambaye kwa kweli hajali, na huyo naye, akisikia hivyo, hunyamaza. Mwaka unaofuata mnapima tena na kukuta ukimya umeongezeka, mnausoma kama kibali.

Fedha nayo itajwe kwa jina lake, kwa maana mara nyingi umma unaozungumziwa ni mdhamini mmoja aliyepiga simu. Mwaka 1989 kituo cha Marekani cha ABC kilionyesha katika tamthilia ya thirtysomething wanaume wawili wakiwa wamelala kitandani wakizungumza, bila hata kugusana, na kikapoteza matangazo ya zaidi ya dola milioni 1, na sehemu hiyo haikurudiwa katika marudio ya kiangazi. Huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara, na biashara ina haki ya kufanya hesabu zake. Lakini kituo kingekuwa mkweli zaidi kama kingesema kwamba kampuni kadhaa ziliogopa, badala ya kuuvika uamuzi huo vazi la maadili ya jamii.

Nije kwa wadhibiti. Sipingi kuainisha vipindi kwa umri. Mtoto wa miaka sita hapaswi kuona mambo ya chumbani, yawe ya mume na mke au ya yeyote mwingine, na mzazi anayetaka onyo kabla ya kipindi anadai kitu cha haki. Ninachokipinga ni mizani yenye mawe mawili. Katika msimu wa mwisho wa kichekesho cha Ellen, ABC iliweka onyo kwa wazazi mbele ya sehemu zenye mzaha mdogo wa busu, wakati ambapo vichekesho vingine vilivyojaa mizaha ya kitandani ya wanaume na wanawake vilipita bila onyo lolote. Singapore, mwaka 2008, kituo cha MediaCorp kilitozwa faini ya dola 15,000 za nchi hiyo kwa kipindi cha mapambo ya nyumba. Hapakuwa na busu wala kitanda. Walikuwepo wanaume wawili wenye mtoto waliyemlea kama mtoto wao wenyewe, na chumba walichotaka kigeuzwe kiwe cha mtoto huyo. Kilichoadhibiwa pale kilikuwa ukawaida wao. Urusi ilipiga hatua zaidi kwa sheria ya 2013 iliyotaja kulinda watoto na kisha, Desemba 2022, ikaipanua iwahusu watu wa umri wote. Kwa hiyo mnaweza kuona jinsi hoja ya mtoto inavyotumika kama mlango wa kuingilia, na mtoto mwenyewe akiachwa nje. Hungary nayo ilipitisha sheria ya kufanana na ile ya kwanza Juni 2021. Mdhibiti anayejali watoto kweli angeandika kigezo kinachohusu kitendo kinachoonekana, akakitumia kwa wote, na hapo tungemaliza sehemu kubwa ya ugomvi huu.

Nchini Kenya, bodi ya uainishaji wa filamu ilitaka mwaka 2017 katuni kadhaa za watoto ziondolewe kwenye televisheni, na mwaka 2018 ikaipiga marufuku filamu ya Rafiki inayohusu mapenzi ya wasichana wawili. Jaji Wilfrida Okwany, alipoisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba ili watu wazima waione, alieleza kwamba hakushawishika kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi kwamba misingi yake ya maadili itatikiswa kwa kuitazama filamu kama hiyo. Kumbi zilijaa. Siwaambii kwamba kumbi zilizojaa zinafuta ile asilimia 14 niliyoitaja juu. Wala mahakama haikusema hivyo. Nasema kwamba jaji aliuheshimu umma zaidi ya bodi, kwa kuudhania kuwa una akili ya kutazama jambo usilokubaliana nalo na kubaki na msimamo wake.

Wale mlio na moyo wa kuonyesha nanyi ninalo neno kwenu. Kumweka mhusika shoga ili afe si ujasiri. Machi 2016, tamthilia ya Marekani iitwayo The 100 ilipomuua Lexa, mwanamke aliyewapenda wanawake, muda mfupi tu baada ya kumpa furaha, mashabiki hawakukasirishwa na kifo kimoja. Walikasirishwa na desturi ya miaka mingi ambapo wahusika wa aina yake hufa, hujiua au huadhibiwa ili hadithi za wengine zisonge mbele. Kadhalika yule rafiki mchekeshaji asiye na kazi, asiye na mama, asiye na hasira wala madeni, aliyewekwa pale ili kituo kionekane cha kisasa. Mtazamaji anayepinga humwona kama bango, na mtazamaji ambaye ni shoga humwona kama tusi.

Katika habari na midahalo hali ni mbaya zaidi. Mnaandaa meza ya kuwajadili watu hawa kwa saa nzima, mnawaalika wachungaji, mashekhe, wanasheria na wanasiasa, na mtu mmoja anayejadiliwa hayupo. Mahali ambapo sheria inamtisha kwa kifungo, huenda kumwalika ni kumtia hatarini, na hapo ni afadhali mjadala usifanyike kuliko kumshinikiza ajitokeze. Kamera zenu zisimfichue mtu ambaye hakuomba. Mwaka 2010 gazeti moja la Uganda lilichapisha majina na picha za watu likiwadai kuwa mashoga, pamoja na wito wa kuwanyonga, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba lilivunja haki yao ya utu na faragha. Lilikuwa gazeti, lakini picha za video zinazopigwa wakati wa misako na kurushwa kwenye taarifa ya habari, nyuso zikiwa wazi kabla mtu hajafikishwa mbele ya hakimu, zina madhara yale yale na huwafikia watu wengi zaidi.

Ninachowaomba kinaweza kutekelezwa bila kubadili sheria yoyote. Mnapoondoa kipindi au kukata tukio kwa jina la umma, chapisheni idadi ya malalamiko, idadi ya watu walioyaandika na ngapi kati yake ni nakala, pamoja na idadi ya waliotazama. Kama mmefanya utafiti wa maoni, onyesheni swali mliloliuliza, kwa maneno yake yenyewe, na majibu kwa umri. Kama sababu ni mdhamini, semeni ni mdhamini. Tukio linapokatwa, mtazamaji ajulishwe kwamba limekatwa, kwa kuwa siku hizi amekwisha kulikuta kwenye simu yake na anajua mnachomficha. Wadhibiti mwandike kigezo kimoja cha busu, cha kitanda na cha onyo kwa wazazi, bila kuangalia ni nani anayembusu nani, na mkishindwa kukiandika bila kutaja jinsia, basi mkiri hadharani kwamba mnachokidhibiti si staha.

Nitafurahi kujibiwa kwa hoja, hata na wale ambao hawatakubaliana nami katika lolote. Barua hii nimeiandika wazi ili majibu nayo yawe wazi, na watazamaji wengine, wanaopinga na wanaounga mkono, waweze kuyasoma na kuyapima.

Wasalaam,

Mtazamaji wenu